Kamera Iliyonianika Ukweni

Leo nimevuliwa nguo ukweni. (Msiwaze mbali. Suruali ilikuwepo muda wote.) Nawaandikia kutoka intaneti kafe hapa mjini Moshi, shati bado lina mafuta ya mbuzi kifuani, na nawaandikia ninyi niliosoma nanyi kwa sababu najua habari itawafikia tu. Bora muipate kwangu kabla haijaongezwa chumvi.

Anjela mnamjua kwa maneno yangu, nimewachosha naye miaka miwili. Barua ya posa inapelekwa kwao Jumamosi ijayo na baadhi yenu mmeshaahidi kunisindikiza. Kilichobaki kilikuwa baba yake. Mzee yule wa Uru amelima kahawa tangu ujana, bei ilipoanza kuyumba akang'oa nusu ya mibuni akapanda nyanya, na hajawahi kuamini kwamba kukata mikanda ya video, ninavyofanya mimi, ni kazi ya mtu mzima. Akamwambia Anjela: "Mlete nimwone akifanya. Nikiona ni kazi, barua yao nitaipokea. Nikiona ni mchezo, wasihangaike kupanda mlima."

Mtihani wenyewe ulikuwa mkanda wa jubilei yake ya ndoa. Mpwa wake alikuja na kamera, akapiga sherehe yote, akaacha mkanda, akarudi Dar. Mzee anataka ukatwe vizuri, uwekewe majina, utiwe kwenye dividii. Lakini mkanda hautoki nyumbani. Kuna mkanda wa harusi uliwahi kuteremka mjini kunakiliwa na hadi leo haujapanda tena. "Ukitaka kuukata, leta mashine yako hapa," akasema. Basi asubuhi ya leo nikafunga duka langu pale Pasua, nikaizungushia kompyuta blanketi langu la kulalia, nikakodi pikapu, nikapanda nayo Uru nimeipakata kama mgonjwa.

Nilidhani nitamkuta mzee peke yake. Nikakuta ukoo. Sebule imejaa, viti vya kuazima mpaka barazani. Bibi, mama yake mzee, amekaa karibu kabisa na televisheni. Kwenye kochi kubwa amekaa Baba Mkubwa Filemoni, kaka yake mzee, ambaye kwenye ukoo ule akisema ndiyo ni ndiyo na akinyamaza mnarudi nyumbani. Kwa heshima yake walikuwa wamechinja mbuzi. Nikaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka ulimi ukakauka.

Mama Anjela akanikaribisha chakula.

"Asante mama, nimeshiba."

"Sogea hata kidogo, mwanangu. Umetoka mbali."

"Nimetoka kula sasa hivi, mama."

(Uongo. Nilikuwa na kikombe cha chai tangu alfajiri. Lakini nani anakwenda kuangaliwa ukweni halafu anakutwa anavunja mifupa siku ya kwanza?) Alinikaribisha mara tatu, nikakataa mara tatu, na nikaona mzee amependezwa.

Sebuleni hapakuwa na soketi ya ziada. Mzee akanipeleka stoo, chumba kidogo kilichotenganishwa na sebule kwa pazia tu, chenye meza na soketi ya friji. Nikapanga vitu vyangu. Deki yangu ya kusomea mikanda ilishakufa, kwa hiyo siku hizi kamera ndiyo deki. Unatia mkanda, unasukuma swichi upande wa kucheza, unachomeka waya mmoja kwenye kompyuta. Waya mwingine mrefu nikaupitisha chini ya pazia hadi kwenye televisheni, ili wazee waone mkanda wao uko salama.

Mkanda ukacheza. Mama Anjela alipotokea amevaa kitenge chake cha jubilei, wanawake wakapiga vigelegele. Nikajiambia nimeshaoa. Nikafungua programu ya kuhariri, nikabonyeza pa kuvutia picha, na programu ikaniambia haioni kifaa chochote.

Nikachomoa waya nikachomeka. Haioni. Nikaupuliza, nikachomeka tundu la pili. Haioni. Nikaizima kompyuta nikaiwasha, na mnajua kompyuta yangu ikizimwa inavyofikiria kabla ya kurudi. Haioni. Labda mkanda umekwama mahali, nikausogeza mbele mpaka sherehe inapoishia. Haukuwa umekwama. Ila sasa sebuleni kwenye televisheni ikabaki bluu tupu.

"Kijana," mzee akaita. "Mbona tunaona bluu?"

"Inajiandaa, mzee."

"Inajiandaa kwenda wapi?"

Wakacheka. Nikafunga kile kioo kidogo cha pembeni mwa kamera maana mwanga wake ulikuwa unaniumiza macho, nikaizima, nikahesabu kumi, nikaiwasha tena. Hapo ndipo nilipojimaliza. Swichi ya kamera ile ina pande mbili, wa kucheza mkanda na wa kupiga picha, na kwenye kiza cha stoo niliisukuma upande wa kupiga. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshafikia hatua ya kubonyeza kila kinachobonyezeka, nikabonyeza na kitufe chekundu. Kamera ilikuwa juu ya meza, lenzi inanitazama usoni. Ninyi mnajua sasa. Mimi sikujua.

Kwa hiyo kule sebuleni bluu ikatoweka na mahali pake nikatokea mimi, inchi ishirini na moja, kwa rangi, na sauti yangu juu.

Na mimi, ili nisikie kama kompyuta imeanza kuvuta, nilikuwa nimevaa hedifoni. Ukoo mzima ungeweza kuimba nisisikie.

Nikaanza kwa kuibembeleza kompyuta. "Mama yangu, nakuomba. Leo tu. Nitakununulia feni." Haikujibu. Nikapiga magoti ili nione matundu ya nyuma, na nikiwa bado nimepiga magoti nikaona si vibaya nikisali, nikaichorea sipiyu ishara ya msalaba. (Anjela ameniambia baadaye kwamba Bibi alijibu "Amina" kwa sauti na akataka watu wavue kofia.) Nikainuka. Haioni kifaa.

Hapo njaa ikaanza kunisemesha. Pale mezani, nyuma ya monita, palikuwa na sinia limefunikwa jani la mgomba. Nilikuwa nimelinusa tangu naingia. Nikainua jani kidogo, kuangalia tu. Kipande kimoja, kikubwa, kimechomwa kikaiva vizuri, kimepangwa peke yake. Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa mlimani. Kipande cha nyama kikiwa peke yake kwenye sinia, najua kina mwenyewe. Mbuzi akichinjwa kila kiungo kina mtu wake, na ukoo ule kidari ni cha mkubwa wa ukoo, hakiguswi mpaka yeye akiguse. Nilifundishwa hayo kabla sijajua kusoma. Lakini njaa ikaniambia wameshakula hao, hicho kimebaki.

Nikakata kidogo pembeni. Nikasawazisha upande wa pili ili isijulikane. Upande wa pili ukazidi, nikarudi wa kwanza. Mnaelewa mambo haya yanavyokwenda. Nilisawazisha kidari kile mpaka ukabaki mfupa.

Shibe ikaleta mdomo. Nikajifuta vidole kwenye pazia la stoo, nikajiegemeza, nikaanza kumwiga mzee. Nimemsikiliza miezi mingi, nampata hasa: anavuta pumzi puani, anainua kidole, ndipo anasema. Nikavuta pumzi. Nikaiinulia kompyuta kidole, mfupa bado uko mkononi.

"Kijana," nikasema kwa sauti ya mzee, "hii ni kazi, au umetuletea sanduku?"

Nikavua hedifoni nijikune sikio. Na toka ng'ambo ya pazia, kwa sauti ileile niliyotoka kuitumia, nikajibiwa.

"Hilo hasa ndilo swali langu."

Nikafikiri ni mwangwi. Kweli kabisa, kwa sekunde nzima nilifikiri ni mwangwi. Kisha pazia likafunguka, Anjela akaingia, mkono mdomoni, machozi yanamtoka, na sikujua kama analia au anacheka.

"Zima," akaninong'oneza.

"Nizime nini?"

Akanionyesha kamera. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nilipochungulia sebuleni nikaliona kwenye televisheni lile sinia tupu na bega langu. Nikasogea, bega nalo likasogea.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilifikiria dirisha la stoo, lina nondo. Ikabidi nitokee. Nikasimama mbele ya watu wale na mfupa mkononi, kwa sababu sikukumbuka kuuweka chini. Mzee alikuwa ameangalia dari. Mama Anjela ameinama na khanga imefunika uso. Wote wakawa wanasubiri Baba Mkubwa Filemoni, maana kidari kilikuwa chake na neno lilikuwa lake. Nikaiona barua yetu ya posa ikirudi mjini bila kufunguliwa.

"Kilikuwa kimeiva?" akauliza Baba Mkubwa.

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Chumvi?"

"Ilikuwepo."

"Vizuri umeniambia. Mimi sitakuja kujua."

Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka kicheko cha mtu asiye na jino hata moja, halafu sebule nzima ikafuata, viti vikagongana. Mzee alijikaza kwa muda, mabega yakamsaliti. Mimi nilibaki nimesimama. Nilitaka kuomba radhi, nikaishia kusema tena shikamoo kwa kila mtu, mmoja mmoja, kama ndiyo kwanza nafika, na wakaniitikia wote, marahaba, marahaba, huku wanajifuta macho.

"Sasa rudi ukafanye kazi," mzee akasema. "Na hilo pazia tuliache wazi."

Nikarudi. Safari hii ukoo mzima unanitazama moja kwa moja, bila televisheni. Nikafungua sehemu ya mipangilio, kule ambako mtu mwenye akili angeanzia, na nikaona tatizo. Programu ilikuwa bado imepangiwa ile deki yangu iliyokufa. Siku nzima ilikuwa inamtafuta marehemu, kwa uaminifu, na kamera iko pembeni yake haiitwi. Nikabadilisha jina. Nikarudisha swichi upande wa kucheza. Picha zikaanza kuingia. Dakika mbili tu, jamani.

Nikafanya kazi mpaka alasiri. Mzee alileta kigoda akakaa nyuma yangu, na kila nilipokata hotuba ndefu alikuwa anasema "endelea." Nilipoweka majina yao kwenye picha ya kanisani, yakaja taratibu juu ya kitenge cha Mama Anjela, alisogeza kigoda karibu. Alimwita mkewe aje aone. Mama Anjela akaweka mkono begani kwangu, mkono wa mtu aliyetoka kuosha vyombo, akaniomba nirudie. Nilirudia mara nne na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kwa muda yaliyonipata.

Kisha nikafika mwisho wa mkanda. Mlikuwa mmenielewa pale kwenye kitufe chekundu? Kamera ilinirekodi. Sherehe haikuguswa, Mungu mkubwa, maana nilikuwa nimeshausogeza mkanda mpaka inapoishia. Ila mara baada ya baraka ya padri natokea mimi nimepiga magoti mbele ya sipiyu. Nikainua mkono haraka nifute.

"Hicho usikate," akasema mzee.

"Mzee, hiki si cha jubilei."

"Kwenye jubilei nilihutubiwa kutwa nzima na sikumwona kaka yangu akicheka. Hicho kiache."

Nikamtazama Baba Mkubwa kuomba msaada. Alikuwa amenyamaza, na nimeshawaeleza akinyamaza maana yake ni nini. Nikaondoa mkono kwenye kipanya. Hapo akazungumza.

"Wazee wake waje Jumamosi," akamwambia mzee. "Waje na mbuzi mzima. Na huyu asipewe kazi ya kumleta."

Kwa hiyo nimekubaliwa, na sijui nishike lipi. Nimetoa nakala kumi na mbili za dividii ile, mzee alizihesabu mwenyewe. Moja inakwenda Dar kwa mpwa. Moja Bibi ameifunga kwenye kitambaa pamoja na rozari. Nyingine iko juu ya televisheni, na Mama Anjela amenitamkia kwa upole kabisa kwamba Jumamosi, wageni wakishakaa na wakishapewa mbege, pombe yetu ya ndizi, wataonyeshwa kwanza ili wajue wanamwombea nani mke.

Ninyi mnaonisindikiza, sina haja ya zawadi. Padri akishamaliza kubariki kwenye televisheni, nawaomba muangalie viatu vyenu.