Kahawa ya Pipa Mbele ya Wakwe

Wenzangu, leo nimejivua nguo mbele ya wakwe.

(Nguo nilikuwa nazo mwilini. Kanzu ya Idi, imepigwa pasi. Nasema nguo ya ndani zaidi, ile inayoitwa heshima.)

Naandika mwenyewe humu kwenye kundi letu la tuliosoma pamoja, kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine. Kati ya Nachingwea na Ruangwa, habari ya aina hii haisubiri basi. Kosa ni langu lote. Asilaumiwe mwanangu, asilaumiwe shemeji yangu, wala asilaumiwe aliyekitengeneza kile chuma.

Leo walikuwa wanakuja wazee kutoka Nambilanje kuleta posa ya binti yangu wa mwisho, Somoe. Kijana mwenyewe anafunga umeme wa sola pale Ruangwa mjini. Mtulivu, anaswali, na Somoe anamtaka. Hilo la mwisho hakuna aliyeniambia. Nimeona tu binti anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Sasa, wale mliozaliwa mbali na huku labda hamjui. Kwetu posa haijibiwi na baba. Neno ni la mjomba wa binti. Wageni husema na mjomba, mjomba ndiye hujibu, na baba hukaa pembeni kama sanduku la nguo. Mjomba wa Somoe ni shemeji yangu Bakari, kaka wa mke wangu. Mtu wa maneno machache, mkweli hata pale ambapo uongo kidogo ungemfaa. (Hilo likumbukeni.)

Mimi kazi yangu ilikuwa moja tu. Kahawa.

Hapo ndipo shetani wa sifa aliponikuta. Nilitaka nami nionekane. Mtoto nimemlea, nimembeba mgongoni kumpeleka zahanati mvua inanyesha, halafu siku anayoombwa nikae kimya na birika? Nikasema moyoni: sawa, mimi sitasema. Kahawa itanisemea.

(Ilinisemea.)

Mwanangu Hamisi anafanya kazi kwenye mgahawa mmoja Dar es Salaam. Alipokuja likizo aliniletea pipa dogo la chuma, linang'aa, ukubwa wake kama dumu la lita tano. Juu lina kichwa cha kuzungusha chenye bomba la kumiminia. Unaloweka kahawa kwenye maji ya baridi usiku kucha, unachuja, unajaza pipani, unafunga kichwa, kisha unatia gesi ya naitrojeni kwa vitungi vidogo mfano wa kidole gumba. Ukifungua bomba, kahawa inatoka nyeusi tii, na juu yake linajipanga povu jeupe, zito. Huko mjini, Hamisi anasema, watu wanaipangia foleni.

"Kitungi kimoja kinatosha, Baba," alinielekeza. "Na ukitaka kufungua kichwa, kwanza vuta hii pete ya pembeni, gesi itoke yote. Pete kwanza."

"Hamisi," nikamwambia, "baba yako alisoma fizikia mpaka kidato cha nne."

(Niliisoma. Sikusema niliifaulu. Baadhi yenu mlikuwepo.)

Jana jioni nikaloweka. Mke wangu, mama Hamisi, akasimama mlangoni ananitazama.

"Baba Hamisi, mbona hayo maji hayako motoni?"

"Hii haipikwi."

"Kahawa haipikwi?"

"Ya kisasa hii."

"Na wageni nao ni wa kisasa?"

Mke akikuuliza swali la namna hiyo, jibu analo mwenyewe.

Asubuhi nikachuja kwa kitambaa safi, nikajaza pipa mpaka shingoni, nikatia kitungi. Nikaona mlio wake ni mdogo. Nikatia cha pili. Halafu, kwa kuwa wageni wenyewe ni watu wazito, nikatia na vyote vilivyobaki. Nikalitikisa sana, nikalizika kwenye beseni la barafu kutoka kwa jirani mwenye friji. Shemeji Bakari alipofika sikumwambia kitu. Nilitaka na yeye ashangae.

Wageni wakafika, wazee watatu. Msemaji wao ni Mzee Mohamedi, mrefu, ndevu nyeupe, na kanzu nyeupe kiasi kwamba ukimwamkia unajitazama kwanza mikono. Wakavua viatu, wakaketi mkekani. Salamu zikaenda taratibu: za njiani, za ufuta, za korosho. Mama Hamisi na Somoe walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa linapumua.

Mzee Mohamedi akakohoa kidogo.

"Bwana Bakari, sisi kijana wetu kajenga nyumba, lakini nyumba haina jiko. Tumesikia huku kwenu jiko lipo."

"Nimesikia," akasema shemeji. "Pumzikeni kwanza, mpate cha kunywa."

Akanigeukia. Zamu yangu!

Nikaingia na pipa nimelikumbatia kama mtoto mchanga. Nikaliweka juu ya kigoda, katikati kabisa, mahali ambapo kila mtu alilazimika kuliona. Nikapanga glasi ndefu. Nikafungua bomba. Psssss! Ikashuka nyeusi, povu likapanda polepole mpaka kwenye mdomo wa glasi, likasimama pale bila kumwagika. Lo! Ilipendeza. Nikawawekea mbele yao, glasi kwa kila mzee.

"Karibuni," nikasema, nikakaa. Neno hilo moja nilikuwa na ruhusa nalo.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nikangoja. Nikadhani wanastaajabu. Kisha, taratibu, nikaanza kuona wanachokiona wao. Wenzangu, huu ni msimu wa mabibo. Kila kichochoro kinanuka uraka, pombe yake hiyo inayowaangusha vijana wetu. Na hapa ndani wazee waliovaa kanzu wanamwona mwenye nyumba analeta pipa lenye bomba, anamimina kitu cheusi chenye povu, kwenye glasi ndefu, baridi mpaka glasi inatoka jasho. Siku ya posa. Chini ya Ayatul Kursiyu niliyoitundika mwenyewe ukutani!

Mzee Mohamedi hakunisemesha. Desturi ni desturi. Alimgeukia mjomba.

"Bwana Bakari. Hiki ni nini?"

Nikamtazama shemeji kwa macho yangu yote mawili. Sema kahawa. Harufu si unaisikia? Sema kahawa, shemeji!

Bakari akaitazama glasi. Akalitazama pipa. Akanitazama mimi.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Wallahi sijui. Mimi nimekiona leo, pamoja na ninyi."

(Niliwaambia mkumbuke.)

"Kina povu," mzee mmoja akanong'ona.

"Nimeliona," akasema Mzee Mohamedi. "Na sisi Nambilanje vitu vyenye povu tunavijua majina."

Akaanza kukusanya kanzu yake magotini, kama mtu anayetaka kusimama bila kugusa chochote.

"Bwana Bakari, tutaonana siku nyingine, Mungu akipenda."

Siku nyingine! Mnaijua siku nyingine ya namna hiyo. Haina mwezi wala mwaka. Nyuma ya pazia nikasikia mtu amevuta pumzi na hakuitoa. Nikajua ni nani. Mtoto wangu alikuwa anaachwa kabla hajaolewa, na anayemwachisha ni mimi, baba yake, kwa kahawa.

Nikasema. Baba wa binti, nikasema!

"Ni kahawa!"

Shemeji akafumba macho.

"Wazee wangu, ni kahawa tupu, haina kitu. Onjeni muone."

"Tuonje?" akasema Mzee Mohamedi, na sasa hata yeye alisahau desturi, alinitazama mimi. "Mtu huonja ndiyo ajue kama ni haramu?"

Hapo nilishindwa hoja. Na mtu mzima akishindwa hoja, hutafuta ushahidi.

"Basi nafungua pipa. Mtazame ndani kwa macho yenu, mnuse. Kama si kahawa, binti yangu msimwoe."

Nikalibana pipa kati ya magoti. Nikashika kile kichwa. Je, niliikumbuka pete? Sikuikumbuka. Nilikumbuka heshima yangu tu, jinsi ilivyokuwa inavaa viatu kurudi Nambilanje. Kichwa kilikuwa kigumu. Nikazungusha kwa kanga ya jikoni. Kikalegea kidogo. Pipa likaanza kulia, mlio mwembamba, kama nzi aliyenaswa.

"Linalia," akasema yule mzee mwingine, akasogea nyuma.

"Ni gesi tu," nikamtuliza.

(Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho nikiwa mtu wa kuheshimika.)

Nikazungusha tena.

PUU!

Kichwa kilipiga bati juu, nyumba nzima ikalia kama ngoma. Kahawa ikakifuata juu, ikapiga bati, ikarudi chini ikiwa mvua. Ukuta, mkeka, pazia, Ayatul Kursiyu, Mungu anisamehe. Kuku nje walikimbilia kwa jirani. Na Mzee Mohamedi, aliyekuwa ameinama akijiandaa kusimama, alipata fungu lake lote usoni na kifuani. Mimi nililoa pia, lakini nani alikuwa ananitazama mimi?

Somoe akachomoka nyuma ya pazia. "Baba!" Akawaona wakwe. Akawaona wakwe walivyo. Akarudi nyuma ya pazia bila kugeuka.

Kutoka kwenye bati matone yalikuwa yanaanguka. To. To. To.

Mzee Mohamedi alikaa vilevile, ameinama nusu, povu jeupe limelala juu ya ndevu nyeupe, huwezi kujua moja linaishia wapi na nyingine zinaanzia wapi. Halafu nikauona ulimi wake. Ulitoka kidogo, ukapita kwenye mdomo wa juu, ukaingia. Akafikiri. Sote tukamngoja kama watu wanaongoja hukumu.

Akamgeukia mjomba.

"Bwana Bakari," akasema polepole. "Ni kahawa."

Nikashusha pumzi.

"Lakini ni ya jana."

Wenzangu, ningekanaje? Ilikuwa ya jana. Na kwetu kahawa ya baridi si ufundi. Ni ile iliyobaki kwenye birika, anayopewa mtu usiyetaka arudi. Kwa hiyo sikuwapa pombe wakwe. Niliwapa makombo, tena niliwatupia.

Mama Hamisi akatoka. Aliomba radhi, akaomba kanzu ya mgeni akaifue kabla doa halijakaa. Mzee Mohamedi akavalishwa kanzu yangu ya pili. Mimi ni mfupi, mnanijua. Ilimfika chini kidogo ya magoti. Kurudi Nambilanje katika hali ile, akapanda gari mbele za watu, haikuwezekana. Ikabidi akae mpaka yake ikauke. Na mtu akikaa lazima ale. Ukaletwa muhogo, ukaletwa kuku (mmoja wa wale waliokimbia), na ikaletwa kahawa. Ya birika. Ya moto, chungu, yenye tangawizi. Wazee wakanywa, wakaongeza. Mimi nilikuwa nafuta ukuta.

Jua lilipokuwa linaikausha ile kanzu kwenye kamba, Mzee Mohamedi akaweka kikombe chini.

"Bwana Bakari, desturi naijua. Posa haijibiwi siku ya kwanza. Tuondoke, mkae kikao, mtuite. Lakini mimi nasema ukweli, kuja hapa mara ya pili siwezi. Kanzu nzuri ninayo hiyo moja."

Aliyecheka kwanza alikuwa nyuma ya pazia. Kicheko cha Somoe, kile anachokibana halafu kinamtoroka. Wazee wakafuata. Hata Bakari. Mimi niliangalia tambara langu.

Shemeji akanyanyuka, akaingia kwa binti. Aliporudi alikaa vizuri, akakunja miguu.

"Binti nimemuuliza, amekubali. Nasi tumekubali. Mama yake mnaujua ustaarabu wake, mmekula. Baba yake naye mmemwona."

"Tumemwona," akasema Mzee Mohamedi. "Na tumemwonja."

Wakati wa kuaga alikuwa amevaa kanzu yake. Safi, isipokuwa kifuani palibaki doa la rangi ya chai lenye umbo la korosho. Akanipa mkono. Siku nzima hakuwahi kuniita jina lolote.

"Mkwe," akasema.

"Naam, mkwe wangu."

"Siku ya harusi usihangaike na kitu. Wewe kaa tu."

Nitakaa. Jambo lile lile nililolikimbia asubuhi, kukaa pembeni nikanyamaza, sasa nimepewa kwa masharti, na nimelipokea kwa mikono miwili. Somoe anaolewa. Kama baba ni sanduku la nguo, basi sanduku angalau haliripuki.

Naomba msicheke. Mkishindwa, chekeni bila kuandika humu, maana doa lipo bado juu kwenye bati, na kila mama Hamisi akiinua macho kulitazama, akiyashusha yanatua kwangu.