Udongo Wangu Una Nyuzi Thelathini na Nane

Jumatatu, 4 Agosti
Baba mkwe amechoka na ugomvi wetu. Atakuja Jumapili ya tarehe 24, na mkwe ambaye maharage yake yatakuwa yameota ndiye atakayepewa shamba la kando ya kijito. Wakwe wenyewe tuko wawili: mimi, na mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, mtu asiyefungua hata kopo bila kusoma maelezo.

Eti kamwita bwana shamba! Bwana shamba kachomeka kidude cha kupimia joto ardhini, kasema udongo una nyuzi kumi na mbili tu za joto, mbegu zitaoza. Tungoje ufike kumi na nane, asubuhi tatu mfululizo. Mwanyumba akaandika kwenye daftari. Mwanafunzi bora.

Jumanne, 5 Agosti
Mtoto ana homa. Nimempima: thelathini na nane. Mke akampa dawa, mimi nikapata wazo. Nikaenda na kipimajoto kilekile shambani, nikakichomeka. Thelathini na nane! Hata kabla hakijazama vizuri. Huo ndio udongo unaojituma.

Nimepanda mbegu zote, pamoja na zile mke alizosema nibakize. Mwanyumba alikuwa ng'ambo ya ua, amechuchumaa na kidude cha kuazima. Nikampungia mkono. Maskini.

Jumanne, 12 Agosti
Hakuna kitu. Nimefukua mbegu moja, kuona tu. Imevimba, imelegea, inanuka. Nimeamua ni dalili nzuri.

Jua limerudi, na mwanyumba ndiyo kwanza anapanda. Anasema udongo wake umefika kumi na nane. Wangu ulifika thelathini na nane kwa siku moja, na sikuringa. Niliringa kidogo.

Ijumaa, 15 Agosti
Labda udongo umepoa. Nimeumwagia maji ya moto, birika sita. Mvuke mzuri sana! Mke akauliza napika nini. Nikamjibu ni kilimo cha kisasa.

Akasema mtoto ana homa tena, kipimajoto kiko wapi? Nikampa. Akakifuta udongo, kisha akakikung'uta mara tatu. Nikauliza cha nini. Akasema kisipokung'utwa zebaki haishuki, kinabaki na homa ya mara ya mwisho.

Nilikaa chini. Nimepanda maharage kwenye homa ya mwanangu.

Jumapili, 24 Agosti
Kwa mwanyumba, mistari ya kijani. Kwangu, harufu. Baba mkwe akauliza nilipanda lini. Nikasema mapema kuliko wote. Akasema anaona.

Shamba la kijito limekwenda. Nimeumia, siwezi kujidanganya. Mke alishachagua mahali pa kupanda mboga zake pale. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mwanyumba, kwa ule wema wake unaoudhi, akanipa kopo la mbegu zilizobaki na kile kidude cha kuazima juu yake. Akaniasa ningoje, maana baridi imerudi tangu jana. Mbegu nimepokea. Kidude nimekataa, mimi si mwanafunzi.

Kosa langu nalijua: sikukikung'uta. Basi leo nimekikung'uta mara ishirini, mpaka bega likauma, zebaki ikashuka hadi alama ya chini kabisa, ile ya thelathini na tano, chini yake hakuna namba. Nikakichomeka. Thelathini na tano! Sasa hicho ni kipimo cha haki.

Mbegu zote nimeshazifukia.