Orodha ya Riwaya Arobaini Ambazo Sijazisoma

Jumatatu, 2 Machi

Theluji tena. Nimeteleza langoni mbele ya darasa la sita zima. Nikajifanya nakagua barafu.

Leo nimefungua daftari la maktaba. Wiki iliyopita viliazimwa vitabu kumi na moja. Kumi na moja! Katika shule ya watoto mia tatu! Nikadhani watoto hawasomi. Kumbe wanasoma, tena sana. Ila vitabu wanachukua kwa Lowell Brekke, mwalimu wa michezo, mwenye rafu moja ndani ya stoo ya mipira. Mtu wa filimbi! Mtu anayekula ndizi huku anatembea!

Saa tisa, kikao cha walimu. Mwalimu mkuu, Bi Aune, alisema watoto wamemwandikia barua. Wanaomba orodha ya riwaya zenye wahusika wa LGBTQ: wasichana wanaopenda wasichana, wavulana wanaopenda wavulana, watoto walioitwa wavulana tangu kuzaliwa na wenyewe wanajijua ni wasichana. Riwaya za umri wao, miaka kumi na moja hadi kumi na nne. Akauliza nani ataandaa orodha na kuieleza kwa wazazi Jumamosi asubuhi, kwenye karamu ya chapati za maji.

Brekke akaanza kuinua mkono. Wangu ukawahi. Nikasema orodha ninayo tayari. Riwaya arobaini. Zote nimezisoma.

Sijui arobaini ilitoka wapi. Mimi, Orrin Haugstad, mkutubi wa shule hii kwa miaka ishirini na mbili, husoma historia za reli tu. Riwaya nilizosoma za namna hiyo ni sifuri.

Lakini uso wa Brekke! Umenishibisha kuliko chakula cha jioni.

Jumanne, 3 Machi

Mpango wa kwanza. Hakuna haja ya kusoma, majalada yanajieleza. Nimepita rafu zote. Jalada lenye watu wawili wanaotazamana: chukua. Jalada lenye rangi zaidi ya nne: chukua. Kufika saa sita nilikuwa navyo vitabu arobaini kamili. Kila kimoja nikakibandika kibandiko cha upinde wa mvua, alama ya LGBTQ, kikubwa kama kisosi. Nikapanga mezani. Nikakaa kusubiri msongamano.

Hakuna aliyegusa. Mmoja alikaribia, akasoma majalada mawili, akaangalia mlangoni, akaondoka kama aliyesahau uji jikoni.

Mwisho akaja Maren Sletten, wa darasa la saba, nywele mabutu mawili, kamba za viatu hazijafungwa tangu vuli. Anaishi na bibi yake. Akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, mtu akibeba hiki, korido nzima inajua. Mimi hata bibi sijamwambia.” Kisha akaongeza, kwa adabu, kwamba vitabu vitatu kati ya arobaini vinahusu hali ya hewa, na kimoja ni cha kupaka nyumba rangi.

Nikamuuliza anataka nini hasa. Akahesabu kwa vidole. Msichana anampenda msichana. Hafi mtu. Na kuwe na mbwa.

Nikamwambia nina kitu chake hasa. Sikuwa nacho. Nikampa historia ya reli ya kaskazini, kwa sababu ukurasa wa mia mbili na sita una picha ya mbwa. Akashukuru. Mtoto amelelewa vizuri yule.

Jioni nimebandua vibandiko arobaini. Vinabanduka pamoja na majalada.

Jumatano, 4 Machi

Mpango wa pili: ujasusi. Brekke lazima ana orodha mahali. Mapumziko ya mchana nimeingia stoo ya mipira na kujificha nyuma ya magodoro ya sarakasi. Harufu ya soksi tangu enzi za baba yangu.

Brekke akaingia. Maren nyuma yake. Nikabana pumzi.

Kumbe hana orodha! Anauliza maswali tu. Cha mwisho ulichokipenda ni kipi? Uliacha wapi kile kingine? Kwa nini hapo? Maswali mengi hata nikadhani amesahau kazi. Maren akasema amechoka na vitabu ambavyo msichana anampenda mwenzake, halafu anakufa, kama vile ni adhabu. Brekke akamwambia yeye alipokuwa na umri huo vilikuwepo viwili tu mji mzima, na vyote viwili watu walikufa. Akavisoma mara nne nne, maana vingine havikuwepo.

Sikuwa najua hilo. Miaka kumi na tisa tunakunywa kahawa chumba kimoja. Mume wake namfahamu, ndiye anayenitengenezea gari.

Halafu Brekke akamuuliza kama ameenda maktaba. Mwalimu Haugstad ana arobaini.

“Nilienda,” Maren akasema. “Alinipa treni.”

Brekke hakucheka. Afadhali angecheka.

Mtoto alipoondoka nikajaribu kusogeza mguu uliokufa ganzi. Magodoro yakaanguka. Rafu ya mipira ikafuata. Mipira kama sitini hivi. Mmoja ukanipata sikioni.

“Habari za mchana, Orrin,” Brekke akasema.

Nikamwambia nakagua unyevu. Akasema haya. Akafungua mkoba wake, akatoa riwaya yenye jalada la njano. Akasema ndiyo anayoitafuta Maren, ila ingefaa zaidi aipate maktaba, kwangu, ili arudi tena. Akanishika bega. “Isome kwanza. Yote. Ndiyo umpe.”

Nikamjibu ninazo nakala mbili. Nikaichukua.

Alhamisi, 5 Machi

Nilikusudia kurasa kumi, nipate la kusema.

Kuna Inga. Kuna Rut. Wanashindana mbio za sleji, vile vigari vya kuvutwa na mbwa juu ya theluji, wanachukiana, kisha hawachukiani, kisha hawajui. Na kuna Biskuti, mbwa kiongozi, sikio moja limechanika. Sijawahi kufuga mbwa. Biskuti ningemfuga.

Inasemekana saa nne kulikuwa na zoezi la moto. Sikusikia kengele. Shule nzima ilisimama nje kwenye baridi ya kupasua meno wakihesabu watu, na mmoja hapatikani. Wazimamoto wawili waliingia na shoka. Wakanikuta sakafuni nyuma ya meza, nalia. Mwisho wa sura ya kumi na tisa barafu imepasuka na Biskuti amezama ziwani!

Bi Aune ameniandikia barua ya onyo. Sawa.

Nikafungua sura ya ishirini. Sentensi ya kwanza: walimtoa Biskuti majini, naye hakusogea. Nikafunga kitabu. Sikuweza. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita.

Ndipo nikakumbuka. Hafi mtu, alisema Maren. Na mbwa huyu ni zaidi ya mtu.

Mpango wa tatu, na mzuri kuliko yote. Gundi! Sura ya ishirini ina kurasa kumi na moja. Nimezipaka moja moja, nikazigandamiza pamoja, nikaweka juu yake juzuu tatu za reli. Nimechungulia mwanzo wa sura inayofuata: Inga na Rut wanavuka mstari wa mwisho wakiwa wameshikana mikono. Safi kabisa. Msomaji ataruka ziwa bila kulowa.

Kipindi cha mwisho nimempa Maren. Nikamwambia nimekisoma chote. Uso ukamng'aa, akatoka mbio na zile kamba zake.

Hivi ndivyo mkutubi anavyofanya kazi, Bwana Filimbi.

Ijumaa, 6 Machi

Maren amenipita koridoni bila salamu. Macho mekundu. Fasihi nzuri humgusa mtu hivyo.

Orodha ina riwaya moja. Nimeiandika kwa herufi kubwa sana, ikajaza ukurasa.

Jumamosi, 7 Machi

Niiandike vipi siku ya leo.

Bwalo lilijaa. Wazazi, sharubati ya mti ya kumiminia chapati, kahawa, watoto chini ya meza. Brekke kavaa aproni, anageuza chapati. Bi Aune akanikaribisha kama mtu aliyesoma riwaya arobaini. Nikasimama na karatasi yangu.

Kabla sijafungua mdomo akasimama Bibi Verna Sletten, bibi yake Maren, miaka sabini na nane, aliyeendesha basi la shule hii miaka thelathini. Kitabu cha njano mkononi.

“Wewe Orrin! Nimekubeba kwenye basi langu tangu una miaka sita, unatapika kila kona. Leo unijibu. Nani kagundisha kurasa hizi?”

Akaueleza umma. Mjukuu wake alikuwa anamsomea kwa sauti baada ya chakula. Mbwa akaanguka majini, na hapo hapo kitabu kikawa kibao. Bibi akachokonoa kwa kisu cha siagi. Karatasi ikachanika, ila mstari mmoja ukaonekana: Inga anamwambia Rut, nakupenda, nilikuwa naogopa kusema.

“Mkutubi mzima!” Bibi Verna akasema. “Anawagundishia watoto neno nakupenda!”

Chapati ilikuwa inaungua, hakuna aliyeigeuza.

Nikaona njia mbili. Nikinyamaza, mimi ndiye mtu anayewaonea aibu watoto hawa. Nikisema kweli, mimi ni mwongo wa arobaini. Akili yangu ikapata njia ya tatu: kiwanda! Kosa la kiwanda cha vitabu! Nikafungua mdomo. Nikasema, “Kiwanda…”

Kisha nikamwona Maren. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anakata chapati vipande vidogo, vidogo zaidi, na hali hata kimoja.

Maneno yakatoka yenyewe. Nikasema sijasoma arobaini. Nimesoma moja. Hata hiyo sikuimaliza. Nilifika mbwa anapokufa, nikashindwa kuendelea, nikagundisha sura ili mtoto asione msiba. Kwamba mna neno nakupenda mle ndani, sikujua. Ningelijua ningelikata vidole vyangu kwanza.

Halafu sauti ya Brekke kutoka kwenye jiko.

“Orrin. Mbwa hafi.”

“Hafi?”

“Ukurasa wa pili tu anatikisa mkia.”

Nikakaa. Aliyecheka kwanza ni Maren, na bwalo zima likamfuata mpaka sharubati ikamwagika. Bibi Verna akapiga meza. “Ndiyo maana sura ya mwisho anakula soseji! Mimi nilidhani kafufuka kama Lazaro!”

Bi Aune amempa Brekke orodha, aitengeneze pamoja na watoto wenyewe. Mimi nimepewa birika.

Tukabaki wanne jikoni, tunashikilia kurasa juu ya mvuke. Moja moja zikaachia. Maren akamsomea Brekke zile zilizokauka, akipunguza sauti penye nakupenda, kisha akaipandisha. Bibi Verna akaniinamia. Akasema Alhamisi ile mtoto alilia, akamwambia hata maktaba inaona aibu. Ndipo yeye akajua kwamba kilio si cha mbwa. Wakazungumza mpaka chai ikapoa. Walichoambiana ni chao.

“Kama si gundi yako tungekuwa bado tunanyamaziana,” akasema. “Ila usichekelee. Bado nina hasira na wewe.”

Nikamwambia nimesikia. Nikauelekeza uso kwenye mvuke, ili machozi yapate kisingizio.

Jumatatu, 9 Machi

Rafu ya Brekke imehamia maktaba. Hakuna vibandiko. Leo vimeazimwa vitabu thelathini na moja kwa siku moja! Maren amekaa mezani kwangu mapumziko yote, anawauliza wenzake maswali. Brekke akanieleza tena, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuogelea: msikilize, soma mpaka mwisho, na kama huna, sema huna. Nikamwambia nimeelewa. Nimeelewa kweli. Nimeiandika kwenye ukuta wa moyo.

Saa nane Brekke alikuwa uwanjani. Akaja msichana wa darasa la sita, miwani minene, anataka riwaya ya mtoto mwenye baba wawili wanaofuga nyuki, na kuwe na wizi.

Nikamwambia tunayo, ila imeazimwa. Itarudi Alhamisi.

Nimeanza kuiandika. Sura ya kwanza imekwisha, na nisifiche, ni nzuri sana. Mzinga mmoja tayari umeibwa. Nyuki sijui hula nini. Nimeandika samaki.