Nilivyoikagua Nyumba ya Utulivu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ukaguzi umeanza. Wa siri.

Nimekagua shule za msingi miaka thelathini na moja. Hakuna mwalimu aliyenidanganya mara mbili. Mara moja, ndiyo, wengi. Mara mbili, hapana. Basi wauguzi sita wa Carama hawaniwezi.

Habari yenyewe ni hii. Dada yetu Odette ana saratani ya ini. Hospitali wamesema hawana tena cha kufanya. Mimi nilipendekeza kliniki moja ya mjini, yenye mashine kubwa kwenye korido. Mdogo wangu Xavier akapendekeza Nyumba ya Utulivu, kule Carama, wanakotunza watu ambao ugonjwa wao hauponi tena. Familia ikapiga kura. Xavier sita, mimi mmoja. Hata mke wangu Irène! Hata Odette mwenyewe aliinua mkono kutoka kitandani, mkono ambao asubuhi ile ulishindwa kuinua kikombe.

Wamempeleka Jumamosi. Leo nimekwenda kujionea. Kwa miguu kutoka Buyenzi hadi Kinama, halafu baiskeli. Nimefika shati limelowa. Cha kwanza nilichokiona ni gari lao likitoka getini. Lina mafuta! Mji mzima uko kwenye foleni ya petroli, wao wanazunguka. Wanayapata wapi? Nimeandika.

Cha pili: wamenipa chai. Kabla sijauliza lolote. Anayekupa chai kabla ya swali analiogopa swali.

Cha tatu, na ndicho kikubwa: hakuna serumu, yale maji ya mshipani. Wagonjwa kumi na mmoja, na hakuna chupa hata moja inayoning'inia. Hospitali bila serumu ni darasa bila ubao! Nimemwuliza muuguzi mkuu, mama wa Uvira anayeitwa Scholastique. Mfupi, viatu vya raba, macho hayapepesi. Akanieleza taratibu kwamba mwili wa Odette hauwezi tena kuyabeba maji yale. Yangejaa miguuni na kwenye mapafu, yangemtesa bure. Jibu zuri. Zuri mno. Jibu la namna hiyo huwa limetayarishwa.

Alama: nne kwa ishirini. Mbili za usafi, mbili za chai.

Jumanne, 3 Juni

Nimetunga fomu. Maswali ishirini, ya ndiyo na hapana. Swali la kwanza: Je, kuna serumu? La saba: Je, wafanyakazi hucheka wakiwa kazini, na kama hucheka, wanamcheka nani? (Maana wanacheka. Nimewasikia jikoni. Mahali kama pale!)

Nimewagawia wagonjwa wakati wauguzi wako kwenye kikao. Matokeo hayaridhishi. Mzee mmoja aliigeuza fomu yangu pepeo. Kijana mmoja aliniomba nimwegemeze mto, nikauegemeza, akaniomba tena, ikawa nusu saa. Mama mmoja kutoka mkoa wa Ngozi alijibu ndiyo kila mahali, hata kwenye swali la kumi na tatu: Je, umewahi kulazimishwa kusema ndiyo?

Nimelizungushia duara.

Saa tano akaingia Xavier na nanasi. Kila mtu akamwita kwa jina. Amekuja mara tatu tu, na tayari anajua mtoto wa mpishi anasoma darasa la ngapi. Akakata nanasi, akagawa chumba hadi chumba. Odette alikula vipande viwili. Wiki iliyopita hakuweza kumeza hata uji.

Wameweka nini kwenye lile nanasi?

Jumatano, 4 Juni

Nimembana dereva wao, Régis, kuhusu mafuta. Akasema gari huliacha kwenye foleni siku mbili, tatu, analala humo humo, na siku hizo wauguzi huwafuata wagonjwa wa majumbani kwa miguu, mpaka Kamenge. Maelezo yanaingia akilini. Ndiyo maana siyaamini.

Lakini la leo linapita la mafuta. Wanampa Odette morfini! Ya maji, katika chupa ndogo, kila baada ya saa nne, wanaandika kwenye karatasi. Nimesoma habari za morfini. Nimemwambia Scholastique wazi kwamba wanamfanya dada yangu mlevi. Akajibu kwamba dawa inapimwa kwa maumivu, inaongezwa kidogo kidogo, na kwamba hakuna sababu ya mtu kufa akipiga kelele wakati dawa ipo. Nikasema huo ni mtazamo wake.

Odette alikuwa amefumba macho. Nikadhani amelala. Akasema, "Sylvère. Daktari amenipa wiki mbili. Niache niwe mlevi wa wiki mbili."

Halafu akatoa sindano na uzi chini ya shuka, akaendelea kushona kifungo cha blauzi ya jirani yake wa kitanda. Miaka arobaini alishona sare za shule pale Buyenzi. Tangu Pasaka hakuwa ameshika sindano, vidole vilikuwa vinakunjamana kwa maumivu. Leo ameutia uzi kwenye tundu kwa jaribio la kwanza, bila miwani.

Inatia shaka.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango mpya. Njia bora ya kumpima mganga ni kuugua.

Nimekwenda kwa Scholastique nimeshika kiuno. Nikamwambia mgongo unaniua. Nilikuwa nimejiandaa: angenipa dawa haraka haraka, ningeandika, angenifukuza, ningeandika pia. Hapo wangekwisha!

Hakufanya hivyo wala hivyo. Amefunga mlango. Amekaa. Si mbele yangu kama daktari, pembeni, kwenye benchi lile lile. Akauliza mgongo umeanza lini. Nikasema Machi. Akauliza Machi kulitokea nini. Nikasema hakuna, ila dada yangu alipimwa. Akauliza kama nalala. Nikasema nalala. Akanyamaza. Yule mama ananyamaza vibaya sana! Nikasema silali. Akauliza, "Papa Sylvère, nini inakuogopesha zaidi?"

Nilitaka kujibu kwamba mimi ndiye ninayeuliza maswali. Badala yake nikaanza kueleza jinsi Odette alivyotulea mimi na Xavier baada ya Mama kufariki. Jinsi alivyokataa kuolewa hadi nilipomaliza masomo. Jinsi alivyolifumua gauni lake la kanisani akanishonea suruali ya mtihani, na wenzangu wakaona maua kwa ndani wakanicheka, nami nikarudi nyumbani nikamfokea. Sijawahi kumwomba radhi. Miaka arobaini na mitano.

Nimelia. Dakika ishirini kwa saa yangu. Akanipa kitambaa.

Nilipotoka, mgongo ulikuwa mwepesi. Jambo hili sijaweza kulieleza.

Nimewapunguzia alama mbili kwa kumliza mgonjwa.

Ijumaa, 6 Juni

Nilificha simu chini ya mto wa Odette, inarekodi. Saa tatu mpaka saa sita. Nimesikiliza yote leo alasiri, nimejifungia chooni, Irène akagonga mara mbili kuuliza kama tumbo limeharibika.

Saa ya kwanza: mto. Saa ya pili: mto, na mtu anakoroma. (Ni mimi. Nilikuwa kwenye kiti.) Saa ya tatu, mimi nikiwa nimetoka nje: sauti ya Odette, anamwambia Scholastique habari zangu.

"Huyu tangu mutoto, kitu kikimuogopesha anakihesabu. Siku tunamuzika Mama alihesabu mabati ya kanisa. Mia mbili na kumi na ine. Alitembea anaambia watu."

Mia mbili na kumi na sita. Lakini tuendelee.

Halafu sauti ikashuka. Nikabana simu sikioni. Odette: "Kesho tuende. Sylvère asijue, ataleta fujo." Na Scholastique akajibu kwamba gari liko tayari, Xavier atakuwa hapa saa mbili.

Nimeketi chini sakafuni. Kumbe! Wanamhamisha! Na ndugu yangu wa damu yumo!

Sitamwambia mtu. Nitawakamata mimi mwenyewe.

Jumamosi, 7 Juni

Nimejificha nyuma ya kibanda cha mkaa mkabala na geti lao tangu saa moja na nusu. Saa mbili na robo gari likatoka. Odette nyuma, amefunikwa blanketi, kati ya Scholastique na Xavier. Nikaruka kwenye baiskeli ya taksi. Mwendeshaji anaitwa Jimmy. Nikamwambia alifuate gari lile. Akaniuliza kama najua uzito wangu.

Tuliwapoteza kwenye barabara kuu. Tukawaona tena. Tukawapoteza. Jimmy alisimama mara mbili kunywa maji na mara moja kusalimia shemeji yake. Wakakata kuelekea ziwani. Kajaga! Nikajua tu. Huko mitumbwi ni mingi, ng'ambo ni Kongo, mtu anapotea kabisa.

Nimefika ufukweni nakimbia. Nikapaza sauti, "Simameni! Mwacheni dada yangu!" Wavuvi wakageuka. Watoto wakageuka. Mama aliyekuwa anakaanga samaki akainua mwiko tayari kunisaidia.

Odette alikuwa kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya maji mpaka vifundoni. Sahani ya mukeke, samaki wa ziwa lile, mapajani. Xavier amekunja suruali, amemshikilia mwavuli. Scholastique ameshika kile kichupa cha dawa na anatazama saa. Hakuna mtumbwi karibu.

Xavier akaanza kusema, "Kaka, tulitaka kukuambia..." Odette akamkata.

"Mi ndiye nilikataza. Ningekuomba ruhusa ungeunda kamati." Halafu akanitazama viatu. "Vua. Kuja."

Nikavua. Maji yalikuwa baridi. Akaniambia miaka arobaini amekaa kwenye cherehani na ameligeuzia ziwa mgongo, alitaka mara moja alitazame usoni. Akala samaki kiasi cha vidole viwili, sahani akanipa mimi. Nikamwomba radhi kwa ile suruali ya maua. Nimesema tu, hivi, katikati ya miba. Akasema haikumbuki. Baadaye kidogo akaanza kucheka peke yake, akasema, "Maua ya rangi ya chungwa." Akacheka mpaka Scholastique akamshika bega.

Tumekaa mpaka saa tano. Nimesahau kuandika alama.

Nikifikiri vizuri, labda hiyo ndiyo mbinu yao.

Jumatano, 11 Juni

Nilifika saa mbili asubuhi ili kuhesabu glavu. Scholastique alinipokea mlangoni. Hakunipa chai. Akasema pumzi ya Odette imebadilika tangu alfajiri, amemwita Xavier naye yuko njiani, na kwamba itakuwa leo.

Akanieleza kila kitu kabla hakijatokea. Kwamba pumzi itakatika na kurudi, na huko si kusongwa. Kwamba mikono itapoa. Kwamba haumwi. Akasema, "Bado anasikia. Muongeleshe."

Nikapapasa mifuko. Nilikuwa na fomu tu. Basi nikaisoma. Je, kuna serumu? Je, mashuka hubadilishwa? Nikasoma polepole, kama imla. Nilipofika swali la saba, wanamcheka nani, kona ya mdomo wake ikapanda. Niliiona. Xavier aliingia nikiwa kwenye la kumi na moja, akashika mkono wa pili. Hakuniuliza ninasoma nini. Nikasoma mpaka la ishirini. Halafu nikaanza upya.

Saa nne na dakika kumi.

Wauguzi walimwosha wenyewe. Walikuwa wanaongea naye wakati wanamwosha. Wakamwita kwa jina.

Leo sina alama.

Jumapili, 15 Juni

Tumemzika jana. Xavier alilia begani kwangu mbele ya watu wote. Nilimwambia alichagua vizuri. Nilikuwa nimechoka, haihesabiki.

Jumanne, 8 Julai

Jambo la ajabu. Scholastique alipiga simu tena juzi. Ni mara ya tatu! Anauliza kama nalala, kama nakula, kama mgongo umerudi. Mgonjwa wao hayupo tena. Hakuna hata mtu mmoja wa kutibu katika nyumba hii. Sasa wanatafuta nini kwangu?

Irène anasema ni wema. Irène ni mtu wa Gitega, na watu wa huko wanamwamini kila mtu.

Nimewatega. Kwenye simu nikajifanya mpole, nikasema nyumba imekuwa kimya mno. Akaingia mtegoni mara moja! Akaniambia wana wazee wasio na ndugu, wanahitaji mtu wa kuwasomea Jumanne na Alhamisi. Nikajifanya nasitasita. Nikakubali.

Leo ilikuwa siku ya kwanza. Wamenipa fulana ya kijani yenye jina lao kifuani. Ufunguo wa kabati la vitabu pia. Niko ndani kabisa, na hawana habari!

Wameniweka kwa mzee Adrien, fundi wa redio zamani. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Alinishika mkono saa tatu asubuhi, akauachia saa sita mchana. Nikamwuliza anahitaji kitu gani. Akasema hakuna.

Nitarudi Alhamisi. Mtu asiyehitaji kitu ni wa kuchunguzwa kwa karibu sana.