Sheria Yangu ya Kelele na Punda wa Jirani

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Baraza la mji limepitisha sheria ndogo ya kelele. Kila neno nimeliandika mimi, kaimu mkuu wa idara ya sheria. Anayevuruga utulivu wa umma atakamatwa. Akikiri, alipe faini aende zake. Akikana, angoje hakimu, na chanzo cha kelele kishikiliwe kama kidhibiti cha kesi.

Mhasibu akauliza nani atagharimia. Huyu dada haishi kuuliza! Nikajibu kwamba sheria itajilipia yenyewe. Akasema isipojilipia, gharama zikatwe kwenye fungu la idara yangu, na ukuu nisahau. Wajumbe wakapiga makofi. Sikuyapenda makofi yale.

Punda sikumtaja. Ya nini? Lakini punda wa Muuza Maji, jirani yangu, hulia dirishani kwangu kila alfajiri kana kwamba ananidai.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamka kabla ya punda, nikamvizia. Akalia. Nikaita askari wa baraza. Wamekuja wawili, kwa miguu. Gari halina mafuta.

Muuza Maji akakana kosa. Akaniuliza, “Jirani, kweli? Sisi tunaochangia ukuta?” Nikamwambia sheria haina jirani. Sentensi tamu! Punda akakokotwa hadi ofisini.

Mke wangu anasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wivu.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe kidhibiti kinakula. Hilo sikuliandika. Hakimu huja mara moja kwa mwezi, na alikuja juzi. Baraza linanunua majani. Askari mmoja anamlinda punda, mwenzake anamlinda askari asisinzie. Wote kwa posho.

Zizi hatuna. Punda amefungwa kwenye nguzo ya nyuma. Nyuma ya nini? Ya ofisi yangu! Nyumbani alikuwa akilia alfajiri tu. Hapa anafuata saa za kazi.

Halafu maji yakaisha. Mabomba yetu yalikauka zamani. Nani hutuletea maji? Muuza Maji. Juu ya mgongo wa nani? Wa kidhibiti! Choo hakiingiliki. Mhasibu amepita kaziba pua, akauliza, “Kaka, imeshaanza kujilipia?”

Mungu nipe subira.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango! Muuza Maji huja mchana kumsalimia punda wake. Nikamfuata pale nguzoni, nikamnong’oneza akiri kosa. Faini nitamlipia mimi mwenyewe. Choo kipone, na ukuu wangu upone.

Akakunja mikono. Akasema punda anakula vizuri kuliko kwake, mgongo unapumzika, kwa hiyo wao wawili watamngoja hakimu. Nikamsihi. Akasema kukiri ni kumvunjia punda heshima.

Heshima! Nikamwita bwege. Nikamwita vingine. Huenda nilipaza sauti kidogo. Watu wakajaa. Punda akanijibu.

Askari, wale wale, wakaniuliza kwa adabu sana kama hiki si kifungu cha nne cha sheria yangu, kuvuruga utulivu. Wakaongeza kwamba nikikana, chanzo cha kelele ni mimi, na kamba ya pili ipo.

Nikaitazama nguzo. Nikakiri.

Jumatatu, 10 Machi
Punda ameachiwa, kesi imefutwa, kwa ajili ya choo. Mhasibu amesoma hesabu mbele ya baraza. Matumizi: majani, posho, maji ya kufuata mbali. Mapato: faini moja. Yangu. Ukuu kwaheri. Idara sasa inakaimiwa na Mhasibu, na mimi nimehamishiwa chumba kisicho na dirisha. Alfajiri punda amelia kwa nguvu mpya. Amenenepa.

Lakini wote vipofu! Faini imelipwa papo hapo, bila hakimu, bila majani. Sheria inafanya kazi! Kinachokosekana ni wakosaji tu.

Nilipotoka kikaoni walinicheka: wajumbe, askari, Muuza Maji pale getini, hata Mhasibu aliyedhani amejificha nyuma ya faili. Umati mzima, na kila kicheko ni kukiri kwa kinywa cha mwenyewe!

Nimeshaanza rasimu. Sheria Ndogo ya Kucheka Hadharani. Itajilipia yenyewe.