Maneno ya Mwenyekiti wa Mwako Kuhusu Jiko Lisilo na Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika lakini kiti chake kimefika mapema kuliko sisi sote. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, na wewe Mwakilishi wa Mwakilishi uliyemshikia mkoba. Mkuu wa Chuo hiki cha Ualimu, uliyetuazima bwalo lako la chakula tukaligeuza ukumbi. Makamu wangu wa Kwanza, wa Pili, na wa Tatu, ambaye ni shemeji yangu lakini alipatikana kwa ushindani mkali. Maprofesa, madaktari wa falsafa, na wale ambao wamekuwa wakikaribia udaktari tangu mimi nikiwa kijana. Wanachama wote wa Chama cha Taifa cha Utafiti wa Mwako. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa, basi ijizingatie yenyewe. (Makofi. Mtu anakohoa.)

Nasimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu kupita kiasi, na unyenyekevu wangu huu umetambuliwa hata na mashirika ya nje. Nilipokabidhiwa chama hiki kilikuwa hoi bin taabani: hakina vishen, hakina mishen, hakina hata bendera, wanachama walikuwa wanajikalia tu wanachoma vitu, leo mkaa, kesho pumba za mpunga, wanapima joto, wanaandika walichokiona, bila stratejia yoyote! (Vicheko.) Mimi nikasema hapana, haraka haraka haina baraka. Nikaunda Kamati ya Usalama wa Moto, nayo katika kikao chake cha kwanza ikapiga marufuku kuwasha kitu chochote ndani ya maabara ya mwako, na tangu siku hiyo, ndugu zangu, hatujapata ajali hata moja. (Makofi mazito.) Waulizeni wenzetu wanaowasha-washa wameungua nyusi mara ngapi! Sisi nyusi zetu ziko salama kwa asilimia mia moja na nne.

Sasa niingie kwenye kiini cha mkutano huu, yaani Mradi wa Kimkakati wa Jiko Jumuishi Lisilo na Moshi, ambao ni kipaumbele cha vipaumbele vyangu, na ambao katika feizi yake ya awali umekwisha kuondoa vikwazo vya miundombinu chakavu kabla ya muda uliopangwa, jambo ambalo wataalamu waliniambia haliwezekani, nami nikawaonyesha kwamba penye nia pana njia. Chuo hiki ndicho kituo chetu cha mfano, na jiko la kwanza litafungwa hapa hapa, nyuma ya ukuta huu, wanapopikiwa wanachuo, mahali ambapo...

(Dirisha la kupakulia chakula linafunguliwa. Moshi unaingia bwaloni. Mpishi mkuu, dada mkubwa wa Mwenyekiti, anachungulia, mwiko mkononi. “Kasuku! Ehe, endelea. Liko wapi hilo jiko?” Vicheko.)

Wajumbe msishtuke. Huyo ni dada yangu, tumetoka tumbo moja, na jina hilo ni la utotoni, halimo kwenye wasifu wangu. Dada, shikamoo. (“Marahaba. Jiko liko wapi?”) Swali zuri, dada, swali la kimkakati kabisa, nami ningelijibu katika kipengele cha maswali, isipokuwa kipengele hicho kimeondolewa kwenye ratiba ili kumpisha Mgeni Rasmi.

(“Usinizungushe, nimekubeba mgongoni mimi. Hicho kikwazo mlichoondoa ni dohani yetu. Walikuja watu wako na nyundo, wakasema jiko jipya halihitaji dohani, wakaibomoa, tundu wakaliziba na bati. Tangu hapo moshi wote tunaumeza sisi. Daktari kaniambia nikiendelea hivi kifua hakinifikishi mbali. Naogopa, mdogo wangu. Na kila nikimwomba Mkuu atujengee dohani nyingine, ananiambia subiri, mradi unakuja. Sasa sema hapa mbele za watu, mradi upo au haupo? Kama haupo, turudishieni dohani yetu.” Makamu wa Tatu anakohoa kwenye leso.)

Nimeguswa. Katibu, andika kwamba Mwenyekiti aliguswa. Lakini tusichanganye hisia na sayansi. Moshi, kisayansi, ni ushahidi kwamba mwako unaendelea, na sisi ni chama cha mwako. Kama hapa pasingekuwa na moshi, wafadhili wangetuuliza tunatafiti nini. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nami nasema, na nukuu hii naomba ihifadhiwe, dalili ya jiko lisilo na moshi ni moshi wenyewe! (Mwakilishi wa Mwakilishi anafuta macho. Haieleweki kama ni uchungu au ni moshi.) Mimi binafsi nimevuka bahari kwenda kutazama miali ya moto ya mataifa yaliyoendelea, nikapigwa picha nayo, na kila niliporudi nilileta fidibaki, nikaisambaza kwa stekiholda wote waliokuwa ofisini kwangu siku hiyo. (Wajumbe wa safu za nyuma wanasogea mlangoni.) Naona wengine mmeanza kusogea, huo ndio mwitikio chanya.

(“Kasuku, ndiyo au hapana?”)

Dada, kiongozi hajibu ndiyo wala hapana, kiongozi anajibu kwa mapana. Na kwa mapana hayo hayo nawaomba, ndugu wajumbe, mnipitishe kwa awamu nyingine bila kupoteza muda kwa kura, maana mkulima hang'olewi shambani mvua ikiwa inanyesha. (Makofi ya Makamu watatu.) Nikisema Mwako, itikieni Maendeleo! Mwako! (Kikohozi.) Jiko! (Kikohozi.) Moshi! (Sauti za wapishi kutoka dirishani: “Upo!”)

Nimalizie kwa shukrani, kwani asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Namshukuru Katibu wangu, aliyelichapa jina la mradi kwa herufi za kupendeza mno, kiasi kwamba hatukuona haja ya kuongeza kitu chini yake. Naishukuru Kamati ya Rangi, ambayo bado inavutana kati ya kijani na buluu, nami nimeihakikishia kwamba ivutane kwa raha zake, kwani Kamati ya Umbo haijateuliwa. Nawashukuru kipekee wale mafundi wa nyundo, maana katika mradi mzima hao peke yao ndio waliowahi kufika kazini. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe, Mkuu wa Chuo, mzalendo wa kweli, uliyekataa kujenga dohani ili kulipisha jiko ambalo, Mungu akitujalia uzima, tutaanza kulifikiria mara tu...

(Mkuu wa Chuo anasimama. “Kulifikiria?” Kutoka dirishani: “Mmesikia wenyewe. Na mimi hapa nakohoa nalisubiri.” Mkuu anapita katikati ya wajumbe mpaka dirishani. “Mama, nisamehe. Nilimwamini kwa sababu ya suti. Leo hii namwita fundi, dohani yako inaanza.” Vigelegele jikoni. Bwalo zima linasimama na kupiga makofi, wakiwemo Makamu wawili.)

Asanteni. Asanteni sana kwa makofi hayo, kwa kweli sikuyatarajia. Katibu, andika kabla hawajatoka: dohani imejengwa chini ya uongozi wangu.