Mdomo wa Kuazima

Jumamosi, 1 Desemba 1956

Nina miaka kumi na sita na nimefaulu! Darasa la tisa, shule ya bweni ya wasichana, bara huko. Fomu imefika wiki ya tatu sasa. Inataka sahihi ya Baba, iwe imetiwa posta kabla ya tarehe ishirini na mbili. Baba alisema ataitazama. Alichofanya: aliikunja mara nne akaisokomeza chini ya mguu wa meza ya gramafoni. Meza ikaacha kutikisika. Kaka Fanueli karudia darasa la nane mara mbili, na fomu zake zilitiwa sahihi siku ile ile.

Kumwambia Baba siwezi. Nikisimama mbele yake husema, "Chai, baba?" Kwa Kiingereza mimi ni jasiri sana, lakini Kiingereza changu nakisema na ndoo, njiani kutoka kisimani.

Leo alasiri, katika ukumbi wa klabu, Bi Semeni. Huyu ni Mnyamwezi wa kambi ya mkonge hapa Pongwe, mpishi wa harusi. Kila Jumamosi husimama mbele ya watu peke yake, hana ngoma, hana wimbo, anasema tu, na watu hufa kwa kicheko. Leo kasema wanaume wanataka Mwingereza aondoke kitini. Vyema, aondoke. Lakini hicho kiti nani kakibeba kichwani mpaka mkutanoni? Na nani kaambiwa akae chini? Wanawake walipiga mayowe. Wanaume nao walicheka, ila kicheko chao huchelewa. Kwanza hutazamana kama kinaruhusiwa.

Nimepata wazo.

Jumatatu, 3 Desemba

Nilikwenda kambini. Shikamoo, marahaba. Basi, ulimi ukaishia hapo. Nikamkunia nazi nne. Ya tano Bi Semeni akauliza kama nakusudia kukuna mpaka Pasaka. Nikatoa karatasi. Nilikuwa nimeandika kila kitu: fomu, meza, hotuba za Baba mikutanoni kuhusu uhuru na elimu. Kumbe hasomi! Ikabidi nisome mwenyewe, nimeinamia mbuzi ya nazi.

Akauliza Baba kabila gani. Mzigua, nikasema. Akapiga makofi. Mtani wake! Mzigua hana ruhusa ya kumkasirikia Mnyamwezi, aambiwe lolote. Akinuna, kajiaibisha mwenyewe.

Nimerudi nyumbani nikirukaruka. Baba ataambiwa, na hataweza kukasirika!

Jumamosi, 8 Desemba

Kasema. Yupo bwana mmoja, kasema, mkutanoni analia kila mtoto wa Mwafrika asome, na nyumbani masomo ya bintiye yanazuia meza isiyumbe.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Na aliyecheka kuliko wote? Baba! Machozi yalimtoka. Akampiga Methusela wa zahanati kofi la bega: "Umeshikwa, bwana!" Methusela akacheka, akamgeukia Hatibu, fundi cherehani. Hatibu akacheka, akageuka nyuma. Nyuma yake ukuta.

Wanawake hawakucheka sana safari hii. Kila mmoja alikuwa anamtazama mumewe. Mama alinitazama mimi.

Jumapili, 9 Desemba

Baba karudia kisa kizima wakati wa chakula, vibaya, kiwiko juu ya meza ile ile. Kisha akauliza mtu wa namna hiyo atajitawalaje. Mlango wazi kabisa! Nikavuta pumzi. Nikasema, "Sukari, baba?"

Jumatano, 12 Desemba

Kambini tena. Nimemwambia Bi Semeni neno halikufika, aongeze alama za mtu mwenyewe. Hakupenda. Alisema mzaha usio na mwenyewe kila mtu hujipepea nao, lakini ukishapata mwenyewe, unaunguza. Nikamshikilia. Mimi, nisiyewahi kumshikilia mtu! Nikampa habari ya kuku.

Kila alfajiri Baba hujizoeza hotuba uani, mtama mkononi. Huwaita kuku "Ndugu zangu wananchi." Wanakuja wote. Nje ya nyumba yetu hakuna ajuaye.

Bi Semeni aliweka kisu chini. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Si mtani?

Jumamosi, 15 Desemba

Bi Semeni kajifunga kanga, kanyoosha mkono, karusha mtama usiokuwapo. "Ndugu zangu wananchi..."

Sauti ilikuwa ya Baba. Watu wote wakageuka. Kicheko kama dari imeanguka. Methusela alijikunja mpaka chini ya benchi.

Baba akasimama. Akasema anashangaa Mnyamwezi kujua hotuba za kuku, maana kwao kuku hafiki uani, huliwa angali njiani. Ukumbi ukashangilia! Utani umejibiwa. Bi Semeni akainama kwa heshima. Nikadhani nimeshinda.

Nyumbani Baba hakuvua hata kofia. Aliuliza jambo moja tu: nani katoa maneno ya nyumba nje? Hapo nikafahamu. Utani humlinda mtani. Haumlindi aliyempelekea maneno. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. Akasema, "Mimi."

Jumapili, 16 Desemba

Mama kakatazwa klabu. Kakatazwa mikutano ya wanawake. Kakatazwa Bi Semeni. Na Baba hasemi naye. "Fanueli, mwambie mama yako chumvi." Fanueli anamwambia, kasimama katikati ya watu wawili wanaoweza kushikana mikono.

Nimeandika ungamo, kurasa tatu, Kiingereza. Kurasa nzuri mno. Ziko chini ya godoro.

Jumanne, 18 Desemba

Mama alikuwa anatwanga kisamvu. Nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye. Akatwanga kidogo. Akasema kwa sababu alitamani ingekuwa kweli. Kabla ya kuku, akasema, aliyekuwa akihutubiwa ni yeye, miaka mingi, na wala hakupewa mtama.

Tulicheka. Kisha nikamwambia nakwenda kusema kweli. Akanishika mkono, akaniambia ningoje sahihi kwanza. "Wewe akikukasirikia, huendi. Mimi atanifanya nini, ameshanioa."

Nikakubali. Naandika hapa kwa kuwa hapana pengine pa kuandika: nilikubali upesi mno.

Ijumaa, 21 Desemba

Tangu Jumamosi wanaume wanamwamkia Baba kwa sauti ya tetea. Leo kawajibu. Kasimama mkutanoni, kaitoa fomu mfukoni, mikunjo yake minne, kaitandaza mezani mbele ya watu wote, kaitia sahihi. Kisha hotuba! Mwafrika na elimu ya mwanamke. Wazo hili, kasema, analo tangu nilipozaliwa.

Makofi. Hatibu alilia kweli. Wanawake wakapiga vigelegele, kisha wakaanza kumtafuta Mama kwa macho wampongeze. Mama yuko nyumbani, kakatazwa.

Bi Semeni alikuwa nyuma kabisa. Hakucheka, hakupiga makofi. Alinitazama tu, kama mtu aliyenipisha.

Nilichukua fomu nikakimbia posta.

Jumapili, 23 Desemba

Fomu imekwenda. Sahihi haifutiki. Sasa naweza kusema, sina cha kuogopa. Lakini meza ni ile: "Fanueli, mwambie mama yako maji."

Baada ya kanisa nilikwenda kambini na karatasi mpya. Ilikuwa nzuri: bwana anayetaka kuifungulia nchi nzima, huku mkewe kamfungia jikoni. Bi Semeni hakutaka hata nimsomee. Akasema mdomo wake hauazimwi tena. "Wako una kazi gani, mwanangu? Kula tu?"

Kweli! Kweli tupu! Njia nzima nilijizoeza, kwa Kiswahili, kwa sauti: Baba, ni mimi. Baba, ni mimi. Mpita njia mmoja akaitikia salamu.

Nikamkuta Baba barazani. Akavua miwani, akaniuliza nataka nini. Aliuliza kwa upole. Angekuwa mkali ningeweza. Nikasema naona kama mvua inakuja.

Hakukuwa na wingu hata moja.

Jumatatu, 24 Desemba

Nimeamka na wazo safi kabisa. Sijui kwa nini sikuliona mapema!

Kesho Mchungaji Ernesti anahubiri Krismasi. Baba hukaa benchi la kwanza, na kanisani hakuna kujibu. Nimemwandikia Mchungaji karatasi, ukurasa mmoja tu: machache kuhusu mume aliyemsusa mkewe, na binti fulani ambaye, uchunguzi ukifanywa vizuri, huenda ndiye mwenye kosa. Jina sikutaja. Nimeipitisha chini ya mlango wake kabla hakujapambazuka sawasawa.

Sauti ya Mchungaji ni nzito, itafika mpaka nyuma.

Niliporudi, Mama alikuwa ameshawasha moto, peke yake. Akaniuliza natoka wapi mapema hivi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kesho kuna mtu atasema.